Maktaba ya wachimba risasi: Leadhills tangu mwaka 1741

Juu ya vilima vya Lowther, kusini mwa Uskochi, kuna kijiji kidogo kiitwacho Leadhills. Kimejengwa kwenye mwinuko wa takriban mita 400 kutoka usawa wa bahari, na ni miongoni mwa vijiji vilivyo juu zaidi nchini humo. Wakazi wake leo ni mia chache tu. Miti ni haba, upepo ni mkali, na theluji huchelewa kuyeyuka.

Katika kijiji hicho, tarehe 23 Novemba mwaka 1741, watu 23 walikutana na kuunda chama cha kununua vitabu na kusoma. Wengi wao walikuwa wachimbaji wa madini ya risasi. Maktaba waliyoianzisha ingalipo hadi leo, na hutajwa kuwa ndiyo ya zamani kuliko zote katika visiwa vya Uingereza miongoni mwa maktaba zilizoendeshwa kwa ada za wanachama wenyewe, tena wanachama wa tabaka la wafanyakazi.

Aliyeiweka hai maktaba hiyo kwa zaidi ya karne moja na nusu ni mfanyakazi aliyetoa sehemu ya ujira wake. Anayeilinda sasa ni mtu wa kujitolea. Baina ya hao wawili kuna historia ndefu, nayo inawahusu hata Waafrika Mashariki wanaokusanya vitabu ughaibuni ili kuvipeleka katika vijiji walikozaliwa.

Kazi ya chini ya ardhi

Jina la Leadhills maana yake ni vilima vya risasi. Madini hayo yalichimbwa huko kwa karne nyingi, na mito ya eneo hilo ilijulikana pia kwa dhahabu. Tangu karne ya 17 ardhi ya kijiji ilikuwa mali ya ukoo wa Hope, ambao wakuu wake baadaye walipewa cheo cha Earl wa Hopetoun. Ukoo huo ulichimba sehemu moja na kuzikodisha sehemu nyingine kwa makampuni.

Risasi ilihitajika sana Ulaya. Ilitumika kuezekea makanisa, kutengenezea mabomba ya maji, rangi na risasi za bunduki. Lakini ni madini yenye sumu. Moshi wa tanuri za kuyeyushia uliwadhuru watu na mifugo, na vumbi na maji ya mashimoni viliwadhoofisha wachimbaji.

Malipo nayo hayakuwa ya kila wiki. Kikundi cha wachimbaji kilifanya mapatano na kampuni: bei fulani kwa kiasi fulani cha mawe yenye madini, au kwa urefu fulani wa shimo. Hesabu ilifungwa baada ya muda mrefu, aghalabu mara moja kwa mwaka. Wakati wa kungojea, familia zilikopeshwa chakula na mahitaji mengine. Iwapo mwamba ulikuwa mgumu au madini yalikuwa haba, mchimbaji alifika siku ya hesabu akiwa na deni badala ya fedha.

Mfumo huo ulikuwa na tokeo moja ambalo halikukusudiwa. Mtu ambaye riziki yake imeandikwa daftarini ana sababu kubwa ya kujua kusoma na kuhesabu. Madaftari ya mapatano ya wachimbaji wa Leadhills yamehifadhiwa, nayo leo ni miongoni mwa hazina za maktaba hiyo.

Msomi aliyepunguza saa za kazi

Katikati ya miaka ya 1730, Kampuni ya Uchimbaji ya Uskochi ilimleta Leadhills meneja asiye wa kawaida. Huyo alikuwa James Stirling, mtaalamu wa hisabati aliyezaliwa mwaka 1692. Alisoma Oxford, akaishi Venice, akafahamiana na Isaac Newton, na mwaka 1726 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya sayansi mjini London. Wanafunzi wa hisabati hadi leo hufundishwa kanuni yenye jina lake.

Stirling aliikuta migodi ikiwa katika hasara na wachimbaji wakiwa katika ufukara na vurugu. Miongoni mwa hatua alizochukua, muda wa zamu ya chini ya ardhi uliwekwa kuwa saa 6. Wachimbaji waliruhusiwa kujenga nyumba na kulima bustani katika ardhi iliyozunguka kijiji. Palikuwa na daktari aliyeajiriwa na kampuni, na mfuko wa kuwasaidia wagonjwa na wazee.

Si kwamba kampuni ilikuwa ya sadaka. Mchimbaji mwenye afya, nyumba na shamba la viazi hakuwa mwepesi wa kuhama, na kampuni ilihitaji watu wenye ujuzi wabaki. Hata hivyo, mabadiliko hayo yaliwapa wafanyakazi kitu ambacho wenzao katika migodi mingi ya zama zile hawakuwa nacho, yaani wakati. Mtu aliyemaliza zamu yake baada ya saa 6 alikuwa bado na sehemu ya siku ya kuitumia apendavyo.

Wanahistoria humtaja Stirling kuwa ndiye aliyeandaa mazingira ambamo maktaba ilizaliwa. Lakini waliojiandikisha, kulipa na kuendesha chama walikuwa wachimbaji wenyewe, pamoja na mwalimu wa shule na mchungaji wa mahali hapo. Jambo hilo ndilo linaloitofautisha Leadhills na maktaba zilizotolewa na matajiri kuwa zawadi kwa maskini.

Kijiji hicho kilikuwa tayari na mfano wa mwana wake mmoja. Mshairi Allan Ramsay, aliyezaliwa Leadhills katika miaka ya 1680, alihamia Edinburgh akawa mtengenezaji wa nywele za bandia, kisha muuza vitabu. Katika miaka ya 1720 alianza kuazimisha vitabu kwa malipo, na duka lake lilikuwa miongoni mwa maktaba za kwanza za aina hiyo katika Uingereza nzima. Baadhi ya watu wa dini walilalamika kwamba anawaharibu vijana kwa vitabu vya hadithi na michezo ya kuigiza kutoka London. Baadaye maktaba ya kijiji chake ilipewa jina lake.

Mali bila daftari

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Waanzilishi wa Leadhills hawakuijua methali hiyo, lakini waliifuata. Waliandika kanuni za chama chao na kuzisimamia kwa ukali.

Mwanachama mpya alikubaliwa kwa kura za wenzake. Alilipa kiingilio, kisha ada ya kila mwaka. Viongozi walichaguliwa: mwenyekiti, karani, mweka hazina, na wakaguzi. Kazi ya wakaguzi ilikuwa kukifungua kila kitabu kilichorudishwa na kukitazama. Ukurasa uliochanika, doa la mafuta ya mshumaa au jalada lililovunjika vilimletea mwanachama faini. Kitabu kimoja kilikuwa na thamani kubwa kwa mtu wa kipato kile, na wengine wengi walikuwa wakingojea zamu yao ya kukisoma.

Kununua vitabu nako kulikuwa jambo la mkutano. Wanachama walijadiliana nini kiletwe na nini kisiletwe. Katika miaka ya mwanzo rafu zilijaa vitabu vya dini na mahubiri, kama ilivyotarajiwa katika Uskochi ya karne ya 18. Lakini palikuwa pia na historia, safari za mbali, maisha ya watu mashuhuri na sayansi, na kadiri miaka ilivyopita riwaya nazo zikapata nafasi. Karne moja baada ya chama kuanzishwa, kijiji hiki cha milimani kilikuwa na maktaba ambayo miji mingi mikubwa zaidi haikuwa nayo.

Hiyo haimaanishi kwamba mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu. Aliyeshindwa kulipa ada alibaki nje, na katika miongo ya mwanzo chama kilikuwa cha wanaume. Usawa uliokuwapo ulikuwa usawa wa wanachama: mchimbaji, mwalimu na mchungaji walikuwa na kura moja moja.

Wageni wa mwaka 1803

Mwezi Agosti mwaka 1803, wasafiri watatu kutoka Uingereza walipita katika vilima vya Lowther wakiwa na gari dogo la farasi. Walikuwa mshairi William Wordsworth, dada yake Dorothy, na mshairi mwenzao Samuel Taylor Coleridge. Dorothy aliandika kumbukumbu za safari hiyo, na kwa sababu yake maelezo ya Leadhills ya wakati ule yamehifadhiwa.

Karibu na kijiji cha jirani cha Wanlockhead walikutana na wavulana waliowaambia kwamba shuleni wanajifunza Kilatini. Baadaye mchimbaji mmoja aliwaeleza habari za maktaba. Wageni waliuliza, kwa mshangao ambao Dorothy hakuuficha, kama ina vitabu vya Shakespeare. Jibu lilikuwa kwamba vimo. Walielezwa kwamba maktaba hiyo ni ya siku nyingi, kwamba Lord Hopetoun na wageni wake wameichangia, na kwamba kila mwanachama hulipa kiasi kidogo cha fedha.

Mshangao wa wageni una maana yake. Wasafiri wenye elimu hawakutarajia kumkuta Shakespeare mikononi mwa watu wenye nguo zilizochafuka kwa matope ya mgodi. Kwa mchimbaji aliyejibu, hapakuwa na la ajabu. Vitabu hivyo vilikuwa vimelipiwa, kwa sehemu kubwa, kwa jasho la watu wa kijiji chake.

Moto waenea vilimani

Mfano wa Leadhills ulifuatwa upesi. Wanlockhead, kijiji cha wachimbaji kilicho umbali wa kilomita mbili hivi, kilianzisha chama chake mwaka 1756 kikiwa na wanaume 32. Mwaka 1784 chama hicho kilimpokea mwanamke wa kwanza. Jengo lake la maktaba la mwaka 1850 lilisaidiwa na tajiri mwenye ardhi, Duke wa Buccleuch, na leo ni sehemu ya makumbusho ya uchimbaji wa risasi.

Mwaka 1793, katika bonde la Esk, wafanyakazi wa mgodi mwingine walianzisha maktaba ya Westerkirk. Katika bonde hilohilo alizaliwa Thomas Telford mwaka 1757, mtoto wa mchungaji wa kondoo aliyefiwa na baba akiwa mchanga. Telford alianza kazi kama fundi mwashi, akaishia kuwa mhandisi mkuu wa barabara, mifereji na madaraja ya Uingereza. Alipofariki mwaka 1834, wosia wake uliiachia maktaba ya Westerkirk pauni 1,000, na kiasi kama hicho kwa maktaba ya mji jirani wa Langholm. Fedha hizo ziliwekwa ili faida yake inunue vitabu mwaka hadi mwaka.

Huenda Telford ndiye mfano wa zamani wa mtu wa ughaibuni ambaye Waafrika Mashariki wanamfahamu vizuri: aliyeondoka kijijini akiwa maskini, akafanikiwa mbali, akakumbuka nyumbani. Inafaa kuangalia alichofanya. Hakutuma shehena ya vitabu alivyovichagua yeye. Aliacha fedha kwa chama kilichokuwa kikifanya kazi tayari, na chama kikaendelea kuchagua.

Sheria iliyovisahau vijiji

Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kwanza ya maktaba za umma. Ilizipa halmashauri za miji uwezo wa kutoza kodi ndogo kwa ajili ya maktaba ambamo wananchi wangeingia bila malipo. Wapinzani walidai kwamba wafanyakazi wakisoma sana watakuwa wakorofi. Watetezi walijibu kwamba maktaba ni rahisi kuliko jela.

Lakini sheria hiyo ilihusu miji yenye watu wasiopungua 10,000. Hata Uskochi ilipoingizwa katika mpango huo miaka michache baadaye, kijiji kama Leadhills hakikuwa na njia ya kufaidika. Ilibidi vijiji vingi vya Uingereza vingoje mpaka sheria za mwaka 1918 na 1919 ndipo serikali za mikoa zipate uwezo wa kuvipelekea vitabu. Kwa maneno mengine, wachimbaji wa Leadhills walijihudumia kwa zaidi ya miaka 170 kabla ya dola kuwafikia.

Mtu aliyeubadilisha mwendo huo kuliko wote alikuwa mtoto wa mfumaji nguo wa Dunfermline, mji wa Uskochi. Babake Andrew Carnegie alikuwa miongoni mwa wafumaji waliounganisha vitabu vyao kuwa maktaba ya mafundi. Familia ilipohamia Marekani mwaka 1848, kijana Andrew aliruhusiwa kuazima vitabu katika mkusanyiko wa mzee mmoja aliyeufungua kwa vijana wafanyakazi. Alipokuja kutajirika kwa chuma cha pua, Carnegie aligharimia ujenzi wa maktaba zaidi ya 2,500 duniani. Sharti lake lilikuwa moja: yeye atajenga, lakini mji utoe kiwanja na uahidi kulipia uendeshaji kila mwaka. Aliyeshindwa kuahidi hakujengewa.

Migodi yafungwa

Ada ya mchimbaji ilidumu kadiri mchimbaji alivyodumu. Mwishoni mwa karne ya 19 bei ya risasi ilishuka kwa sababu ya ushindani wa madini kutoka nchi nyingine. Reli ilifika kijijini mwanzoni mwa karne ya 20, lakini haikuweza kuokoa biashara. Mwishoni mwa miaka ya 1920 uchimbaji mkubwa wa Leadhills ulikoma, na mwishoni mwa miaka ya 1930 reli nayo ikafungwa. Vijana walihama kutafuta kazi.

Maktaba ilidhoofika pamoja na kijiji. Wanachama walipungua, unyevu ukaingia, na katika miaka ya 1960 milango ikafungwa. Vitabu vilivyokuwa vimepita katika mikono ya vizazi sita au saba vilibaki kwenye rafu bila msomaji, na sehemu ya mkusanyiko ilikuwa imekwisha kupotea.

Hapo ndipo watu wa kujitolea walipoingia. Wakazi na marafiki wa kijiji, kwa kusaidiwa na mamlaka za eneo hilo, walilifanyia jengo matengenezo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 likafunguliwa tena. Tangu hapo maktaba imekuwa chini ya chama cha hisani ambacho wajumbe wake hawalipwi. Wao ndio wanaofungua mlango siku za mwisho wa wiki katika majira ya joto, wanaofuta vumbi, wanaotafuta fedha za kuziba paa, na wanaowajibu watu wanaoandika kutoka Canada, Australia au New Zealand wakiuliza kama jina la babu yao limo katika madaftari ya mgodi.

Moyo huohuo ulionekana katika shughuli nyingine za eneo hilo. Makumbusho ya Wanlockhead yalianzishwa na watu wa kujitolea katika miaka ya 1970, na sehemu fupi ya reli ya zamani ikarudishwa na wapenzi wa treni walioitengeneza kwa mikono yao.

Zaidi ya vitabu elfu mbili vingalipo Leadhills. Hata hivyo, ni lazima kusema kilichookolewa na kile ambacho hakikuokolewa. Watu wa kujitolea wameokoa vitabu, madaftari, jengo na kumbukumbu. Lakini yule mchimbaji aliyetoka shimoni akaenda kubadilisha kitabu hayupo tena. Wageni wa leo huja kuitazama maktaba, na wachache mno huja kuitumia kama ilivyotumiwa mwaka 1803.

Kutoka Uskochi hadi Afrika Mashariki

Habari za vilima vya Lowther zinagusana na Afrika Mashariki kwa njia zisizotarajiwa. Mwaka 1931 maktaba ya McMillan ilifunguliwa mjini Nairobi, kwa kumbukumbu ya Sir William Northrup McMillan. Shirika la Carnegie la New York, lililotokana na mali ya mtoto yule wa mfumaji, lilichangia. Lakini nguzo zake nzuri zilisimama mbele ya mlango wa wazungu peke yao. Mwafrika aliyebeba mawe ya ujenzi hakuruhusiwa kuazima kitabu, na ubaguzi huo uliondolewa karibu na uhuru tu. Sharti la Carnegie la kiwanja na kodi halikuuliza nani atakatazwa kuingia.

Mwaka 1948 serikali za kikoloni ziliunda Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyochapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine na kupeleka masanduku ya vitabu katika vituo vya mashambani. Baada ya uhuru nchi zilitunga sheria zao: Tanganyika mwaka 1963, Uganda mwaka 1964, Kenya mwaka 1965. Maktaba Kuu ya Taifa ya Tanzania ilifunguliwa Dar es Salaam mwezi Desemba mwaka 1967 na Rais Julius Nyerere.

Tanzania ndiyo iliyojaribu jambo kubwa zaidi vijijini. Mwaka 1967 takriban watu wazima wawili kati ya watatu hawakujua kusoma. Kampeni ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970 ilipunguza idadi hiyo kwa kasi, na likazuka swali: aliyejifunza kusoma atasoma nini? Maktaba za vijiji zilianzishwa, pamoja na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho lililochapishwa Mwanza. Mtunza maktaba alikuwa mara nyingi mwanakijiji aliyepata posho ndogo, au hakupata chochote.

Uchumi ulipoyumba mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, karatasi ikawa adimu, misaada ya nje ikapungua, na vitabu vilivyochakaa havikupata badala yake. Maktaba nyingi za vijiji zikabaki kuwa kabati lililofungwa katika ofisi ya kijiji. Leadhills ilikufa kwa kukosa wanachama; hizi zilikufa kwa kukosa vitabu vipya, ilhali wasomaji walikuwapo.

Misaada ya hiari nayo ina historia yake. Mwaka 1954 Countess wa Ranfurly alianzisha shirika la kukusanya vitabu na kuvipeleka katika nchi zilizovihitaji. Leo linaitwa Book Aid International, na nchi za Afrika Mashariki zimepokea vitabu vyake kwa miongo mingi. Watu wa kujitolea walipanga, walichagua na kufunga maboksi. Kwa muda mrefu shirika hilo, kama mengine, lilijifunza kwamba vitabu vilivyoachwa kwa sababu mwenyewe havitaki haviwi lazima vile ambavyo msomaji wa mbali anavihitaji, na likageukia zaidi vitabu vipya vilivyochaguliwa kwa kushauriana na wakutubi wanaovipokea.

Nchini Uganda, wilayani Masaka, maktaba ya jamii ya Kitengesa ilianza mwaka 1999 kwa sanduku la vitabu katika shule ya sekondari ya kijiji. Baadaye ikapata jengo na umeme wa jua, na msaada wa marafiki wa ng'ambo. Lakini walioitumia hawakuwa wanafunzi tu. Watu wazima wa kijiji walikwenda kusoma magazeti, hasa ya Kiganda. Mwaka 2007 ukaundwa umoja wa maktaba za jamii nchini humo, ili wanaoziendesha wajifunze wao kwa wao.

Mipaka ya kujitolea

Nchini Uingereza kwenyewe swali la kujitolea limerudi kwa sura nyingine. Tangu mwaka 2010, serikali za mitaa zilipopunguziwa fedha, mamia ya maktaba yamefungwa au kukabidhiwa kwa watu wa kujitolea. Wapo wanaosifu, wakisema jamii imeokoa mali yake. Wapo wanaopinga, wakisema kumfukuza mkutubi mwenye mafunzo na kumpa ufunguo mstaafu mwenye moyo mwema si kuokoa maktaba, bali ni kuahirisha kufungwa kwake. Mtaa wenye wastaafu wenye nafasi na pensheni utapata wa kujitolea. Mtaa wa watu wanaofanya kazi mbili kwa siku hautapata.

Historia ya Leadhills hutumiwa na pande zote mbili, lakini haiungi mkono upande wowote kirahisi. Ni kweli kwamba wachimbaji hawakungoja serikali. Ni kweli pia kwamba walikuwa na zamu ya saa 6, nyumba zao na ujira uliowawezesha kutoa ada. Kujitolea kwao kulisimama juu ya vitu hivyo. Vilipoondoka, maktaba iliondoka.

Kwa anayetaka kuanzisha maktaba katika kijiji cha nyumbani, mambo yaliyoidumisha Leadhills yanaweza kuhesabiwa bila shida. Wasomaji walichagua vitabu wenyewe. Kila mmoja alitoa kitu, hata kidogo, na kwa hiyo alikuwa na haki ya kuuliza. Palikuwa na daftari, na mtu wa kukikagua kitabu kinaporudi. Wafadhili wakubwa walikuja baadaye, wakaongeza juu ya kilichokuwapo. Na wasomaji walikuwa na wakati wa kusoma.

Kontena la vitabu linaweza kuvuka bahari kwa majuma machache. Yale mengine hayapakiwi ndani ya kontena. Leadhills, karibu miaka 300 baada ya mkutano ule wa Novemba, watu wa kujitolea huendelea kufungua mlango wakati wa kiangazi na kumwonyesha mgeni madaftari yenye majina ya watu waliokuwa na deni kwa kampuni, lakini ada ya maktaba wakailipa.